Distopia na Kaburi la Mama

Jumamosi, 4 Machi

Rawya, binti wa mdogo wangu wa kike, amehamia kwangu na neno lake. Distopia. Lifti mbovu — distopia! Bei ya kahawa — distopia! Nikamuuliza maana yake. Akasema ni nchi ya kubuni: watu wanaishi kwa hofu, kila kitu kimeoza, halafu wanaambiwa washukuru. Sasa kahawa inaingiaje hapo? Akacheka, eti mama mkubwa ni wa kizamani. Mpuuzi! Neno zito namna hiyo analitafuna kama mbegu za tikiti.

Jumanne, 7 Machi

Bayoumi, mlinzi wa makaburi yetu hapa Kairo, kapiga simu analia. Ukuta wa ua wa makaburi ya familia umepakwa alama nyekundu. Barabara mpya itapita hapo. Alhamisi tukahamishe mifupa, la sivyo tingatinga litahamisha lenyewe. Mama yangu amelala pale! Nimebamiza kikombe mezani hadi chai ikamwagika. Na Rawya? Leo hakuna distopia. Kasema atakuja kupiga picha. Nusura nimzabe kofi.

Alhamisi, 9 Machi

Nimekuja makaburini na mikate ya rehema, kama kila Alhamisi, niwagawie maskini. Maskini hakuna, wamefukuzwa. Kuna afisa, kijana nadhifu, ananukia.

"Hongera, Hajati! Kwa barabara hii utafika uwanja wa ndege kufumba na kufumbua."

Hongera! Kwani nasafiri kwenda wapi?

Mafundi wameleta gunia moja la kutilia mifupa. Moja! Nikawapigia kelele. Kwetu wanawake huzikwa chumba chao chini ya ardhi, wanaume chao, hata mtu na mkewe hawalazwi pamoja. Mama kajistiri maisha yake yote, leo mumchanganye na mashemeji zake kama viazi? Afisa akasema pole, gunia ni moja, na namba yake moja, kwa kila familia. Bayoumi akavua shali lake, akalitandika chini.

"Bibi akae humu, bwana."

"Haiwezekani, mzee. Shali halina namba."

Halina namba!

Basi nimekaa juu ya jiwe la mlango wa chumba cha wanawake. Sitoki. Naandika hapa hapa. Rawya kakaa pembeni yangu, kamera kaiweka mkobani, analia kimya. Tingatinga linanguruma nje ya ukuta. Afisa yuko kwenye simu, anamwambia mtu kuna tatizo dogo tu.

Fundi rangi kaja na brashi. Ameniomba, kwa adabu kabisa, niinue miguu kidogo apake namba kwenye jiwe.

Nimeinua. Mimi! Nimeinua, na nikamwambia ahsante —