Togwa ya Wazee

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba, shikamoo yako imefika. Huku ghorofani St. James Town tu wazima, mgonjwa ni lifti tu. Unakula lakini?

Umeniuliza kama Wagiriki wa kale walikuwa wajinga, kumwaga mvinyo chini eti mungu wao Zeu anywe. Mimi niliishia darasa la nne, sijui. Ila bibi yangu naye, kabla hatujanywa togwa, alimwaga kidogo mlangoni akiwataja wazee waliokufa. Siku moja nikatega bakuli, nikaidaka.

"Bibi, hawajanywa! Ipo yote!"

Alicheka mpaka akakaa chini. "We mtoto! Kwani sijui inanywewa na udongo? Namwaga nisije nikazoea kunywa peke yangu."

Basi kwenye huo mtihani wako andika ulivyofundishwa, ila wajinga usiwaite. Mimi ni mtu wa kanisani, unanijua. Lakini tangu uhame, chai ya asubuhi nadondosha tone kwenye chungu cha mchicha pale roshani, namtaja bibi. Leo nimekosea, nimetaja jina lako. Moyo umenilipuka, maana lile ni tone la marehemu.

Nipigie leo hii, nisikie sauti yako tu.

Bibi yako