Gari la Kaka Yako Limenyamaza

Nyumba ya mwisho, juu ya mteremko
Jumapili, baada ya chakula cha mchana

Mpendwa shemeji yangu,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu sote. U hali gani huko ugenini? Kifua kimepona, au bado kinakusumbua hewa ikiwa ya baridi? Na mama watoto, ule mguu wake ulioteguka umerudi sawa? Sisi wa huku tu wazima wa mwili, tunamshukuru Mungu. Pacha wangu wote wawili wako kwenye kazi zao za mbali, na wajukuu wanakua mpaka sare za mwaka jana zimekuwa za wadogo zao.

Najua umeshashtuka kuona barua imetoka kwangu na si kwa kaka yako. Hajui kuwa nakuandikia. Yeye yumo chumbani amelala, mimi niko jikoni nimefunga mlango. Shemeji, naogopa. Wiki nzima nimelala usingizi wa mang'amung'amu, na nikisikia gari linafunga breki barabarani roho inaruka.

Unalikumbuka lile gari refu la bluu alilolinunua kwa yule daktari aliyestaafu. Lilikuwa limechoka tangu siku hiyo, na sasa ile saa ya kilomita imehesabu mpaka imesimama, imekataa kuendelea. Kila asubuhi kaka yako anawapakia wajukuu wetu na watoto wa majirani, anashuka nao mteremko mpaka shuleni. Mteremko wenyewe unaujua. Ukiikosea ile kona ya chini, mbele yako ni soko, na saa hizo soko limejaa watu.

Unajua pia anavyolitunza. Kwake gari ni kama mtoto mchanga, likiumwa litalia, na kama halilii halina ugonjwa. Ndiyo maana tangu zamani akiwasha injini hakuna ruhusa ya kuongea. Redio inazimwa, watoto wanafumba midomo, hata mgeni ananyamazishwa, mpaka tufike chini. Beringi ikivuma anajua ni ya gurudumu gani. Mkanda ukipiga mluzi, siku hiyo hiyo yuko gereji. Asiposikia kitu anasema, "Haina neno," na hapo watoto wanalipuka kwa makelele waliyoyabana. Wewe mwenyewe alikufundisha udereva hivyo, na sijasahau alivyokushusha kwenye usukani kwa kosa la kuimba.

Basi Jumanne nilipanda naye kwenda kliniki kupima presha. Tukanyamaza kama kawaida. Alipokanyaga breki tu, nikasikia gurudumu la mbele likikwaruza, chuma kwa chuma, mlio wa kutia meno ganzi. Wauza mboga wa kando ya njia wakageuka. Kwenye kona kitu kikagonga chini ya miguu yangu, ngo, ngo. Tulipofika chini kaka yako akasema haina neno, tena siku hizi limetulia kuliko alipolinunua.

Nilidhani ni utani, maana unamjua. Kisha nikadhani ni ubahili, kwamba anataka pedi za breki ziishe kama sabuni, mpaka povu la mwisho. Nikamuuliza, huo mlio huusikii? Akaniuliza, "Upi?" Nikapandwa na hasira, nikamwambia sikio la kufa halisikii dawa, nikashuka bila kuaga. Neno hilo sasa linanichoma mwenyewe.

Nilipotoka kliniki nikapitia gereji kwa Fundi Kesho. Jina hilo amepewa na wateja, na sababu yake haihitaji maelezo. Nilimwomba alifungue gari la mzee alitazame. Akacheka kwa heshima. "Mama, gari la mzee mimi siligusi mpaka aje aniambie nini kinalia. Yule ana masikio, mimi nina spana tu." Hivyo ndivyo wanavyofanya kazi miaka yote, shemeji. Hakuna anayechungulia, hakuna anayekumbuka kitu gani kilibadilishwa lini. Sote tumeegemea masikio ya mtu mmoja.

Nilipomwigizia ule mkwaruzo, uso wake ukabadilika. Alisema pedi hutolewa zikiwa bado na nyama kidogo. Zikifika kukwaruza chuma kwa chuma, umeshachelewa. Ule ugongaji ni boljointi, kiungo kinachoshika gurudumu la mbele. Kikichomoka, gurudumu linalala na usukani hauna kazi tena. Halafu upo mkanda wa ndani ya injini ambao haulii hata kidogo. Huo hubadilishwa kwa kuhesabu kilomita, usipohesabu unakatika bila taarifa, na saa yetu ya kilomita ndiyo hiyo imesimama. Nikamuuliza mara ya mwisho aliubadilisha lini. Hakukumbuka.

Hata hapo nilikuwa sijaelewa, bado nikidhani ni ubahili wa kaka yako. Alhamisi asubuhi nilikuwa nyuma ya gari naokota kiatu cha mjukuu, kaka yako akaanza kurudi nyuma. Nikapiga ukelele. Nikapiga buti la gari kwa kiganja. Nikamwita kwa jina lake, jina ambalo tangu tuoane sijalitamka mbele ya watu. Watoto waliokuwa ndani wakageuka wote wakanitazama kupitia kioo cha nyuma, macho yamewatoka, na hakuna aliyefungua mdomo. Injini ilikuwa imewaka, nao wamefundishwa kunyamaza. Bampa lilikuwa limeshanigusa magoti ndipo aliponiona. Akashuka mbio. "Sasa mbona hukuniita?"

Nikakaa pale pale vumbini. Shemeji, gari halijatulia. Kaka yako hasikii.

Siku hiyo watoto walikwenda kwa miguu. Nilisimama mbele ya gari nikasema halitoki mpaka fundi aje, na sababu sikuitaja. Maajabu hayaishi, Fundi Kesho hakungoja kesho, akaja siku hiyo hiyo. Wakalipandisha kwa jeki, wakatoa gurudumu. Pedi hazikuwepo, palikuwa na bati tupu, na diski ilikuwa imechimbika mitaro. Boljointi fundi aliishika kwa mkono ikacheza kama jino bovu. Kaka yako hakubisha wala hakutania. Alipitisha kidole kwenye ile mitaro, akakipitisha tena, kisha akasema vitolewe vyote, na ule mkanda pia.

Jana kazi ikaisha. Tukashuka mteremko sisi wawili tu. Safari hii gari lilikuwa kimya kweli, nilisikia mpaka pumzi yangu. Tulipofika chini akaegesha, akazima injini, akanigeukia.

"Limenyamaza?"

Miaka yote hiyo hajawahi kumuuliza mtu swali hilo. Nikamwambia limenyamaza. Hakunitazama machoni, alinitazama mdomo, na nikatambua amekuwa akinitazama hivyo kwa muda mrefu. Alijua kabla yangu. Namwonea huruma kwa jinsi alivyoogopa peke yake, na nikikumbuka kwamba alijua na bado akawapakia watoto, mwili wote unanisisimka.

Tuliporudi aliniwekea ufunguo kiganjani, akanifumba vidole, akaingia ndani. Tangu hapo amekunywa chai tu. Nikijaribu kuzungumza naye anageukia ukutani, na mtu aliyegeukia ukuta nami nitamwambiaje?

Njoo, shemeji, hata kwa siku chache. Wewe unajua kuendesha, na kwa hospitali ya masikio atakubali kwenda na wewe kuliko na mimi, maana mimi hata kupanga foleni nitalia. Barua hii nampa dereva wa basi la jioni, nadhani itakukuta keshokutwa. Lakini kesho ni Jumatatu. Asubuhi watoto wa majirani watakuja na mabegi yao, na mama zao watawaacha getini na kurudi zao bila wasiwasi, kwa sababu sijamwambia hata mmoja. Ufunguo ninao hapa mfukoni. Sijui kama alinipa ili nimnyime, au ili aone kama nitathubutu. Naogopa, shemeji, kwamba akinyoosha mkono kuutaka, nitampa.

Nisalimie mama watoto, watoto wote, na yule shangazi yenu mnayekaa naye. Mungu akutangulie njiani na atukutanishe tukiwa kamili, asipungue hata mmoja.

Wako akupendaye, na akungojaye,

Shemeji yako,
Mama Pacha