Msitu wa Ming'oko Hauuzwi

Chalinze, mwezi wa tano. Ni mwaka wa tatu tangu niondoke Newala.

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo huko uliko. Mkono umechoka kupasua mawe, na shule yangu unajua ilipoishia, basi nivumilie mwandiko huu.

Msitu wako wa mteremkoni, juu ya chemchemi, nusura uuzwe. Tajiri mmoja wa Masasi aliutaka aufyeke wote apande mikorosho. Mdogo wangu Hamisi alishakubali moyoni. Alinipigia simu akasema msitu ule unafuga nyani tu, na mimi niliye mbali hawanilii mihogo. Kuhusu nyani hakukosea.

Lakini nilikukumbuka wewe. Kiangazi, chakula kikipungua, tuliingia humo kuchimba ming'oko, ile mizizi ya porini. Ulifuata mmea unaotambaa mpaka shinani, ukakata sehemu ya kula, ukaacha kichwa cha mzizi, ukarudishia udongo na kuushindilia kwa kiganja. "Mwakani tutakuja hapa hapa," ulisema. Na tulikuja. Chemchemi nayo haikukauka, hata mwaka ambao watu wa vijiji vya jirani walikuja kuteka kwetu.

Kwetu ardhi inafuata upande wa mama, na siku ya kumaliza matanga yako nilipewa jina lako na nafasi yako. Tangu hapo mama, dada yako wa tumbo moja, ananiita kaka. Mwanzoni nilikuwa nacheka. Juzi alichukua simu kwa Hamisi akaniuliza, "Kaka, tuuze?"

Sikucheka. Nilimjibu, "Dada, msitu hauuzwi. Mikorosho mipya tutaipanda pale pale ilipozeekea ile ya zamani."

Nikamsikia anamwambia Hamisi, "Tajiri asirudi tena, mjomba wako ameshasema." Hamisi akanung'unika, "Mjomba wa kwenye simu hafukuzi nyani."

Hapo aliniweza. Nikimwachia yeye nyani, mihogo na chemchemi, mimi nikabaki na kusema hapana kutoka Chalinze, msitu utakatwa tu siku moja, na sitakuwa na haki ya kumlaumu. Nimeshamwambia msimamizi wa hapa machimboni atafute mtu mwingine. Nguvu niliyokuwa naimalizia kwenye mawe ya watu imebaki kidogo, lakini inatosha shamba letu, na mdogo wangu ana mgongo mzuri, tutasaidiana.

Mwezi wa saba, mikorosho ikianza kuchanua, nitakuwa nimeshafika Newala. Siji likizo.

Mpwa wako, ninayeitwa kwa jina lako