Siku Ambayo Sikushuka Kaburini

Mjukuu wangu Rehema,

Nimemkosea dada yangu, bibi yako Zuhura. Nalisema hilo kabla ya salamu. Huku sote wazima, na mama yako mdogo kajifungua salama.

Umeniuliza mbona siku ya maziko sikushuka kaburini kumpokea, nami ndiye kaka yake pekee. Niliona haya. Maisha yake yote aliwatetea wanawake wanaopendana na wanawake wenzao, nami nikaogopa maneno ya watu wa mtaani kwetu Ngamiani. Wakashuka majirani.

Juzi nilikwenda Chumbageni kwa Salma, aliyeishi na Zuhura. Nilidhani atanifukuza. Akacheka.

"Karibu, shemeji! Zuhura alisema, 'Kaka yangu mkaidi, ila atakuja.' Chai lakini imeshapoa."

Shemeji! Nikaitika. Akanisimulia habari za binti waliyemlea alipofukuzwa kwao Muheza; leo ana genge lake la machungwa palepale Muheza. Tukacheka mpaka magharibi, nikarudi moyo mweupe.

Ijumaa hii, baada ya alasiri, hitima ya Zuhura inasomwa nyumbani kwangu. Salma atakaa na ndugu, apewe pole kama mfiwa. Nitamfuata mwenyewe, tuje kwa miguu kupitia Ngamiani, watu watuone.

Babu yako