Mashine Imesoma Jina Lako, Baba

Mpendwa Baba,

Unakumbuka nilivyokuwa nikikusomea vipande vya gazeti vilivyofungiwa nyama, wewe umetoka zamu yako ya ulinzi kiwandani, viatu vimejaa matope ya Othaya? Hukujua kusoma, lakini kukudanganya ilikuwa kazi. Kila habari ulinikatiza: "Nani ameona?" Nami nikanuna, maana ningejuaje?

Siku hizi nafundisha kompyuta kusoma. Usinicheke. Kuna ofisi hapa Nyeri mjini ambapo mashine hupitia maandishi ya mtandaoni, ikaokota habari na kuziweka katika sentensi fupi. Mimi nabonyeza: kweli, au si kweli.

Jumanne mashine iliniletea jina lako. Njogu wa Kabiru, Othaya, na kando yake neno lile ulilopigiwa kelele na umati uliokuua. Sitaliandika hapa, kwa sababu mashine hushika jina pamoja na neno lililokaa karibu nalo. Nilibonyeza si kweli, mashine ikakataa: kurasa nyingi zinasema hivyo. Zote zilinakili moja, iliyoandikwa asubuhi ile ukiwa bado umelala kwenye nyasi. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza, na hiki kimetembea, Baba.

Msimamizi wangu, kijana mwenye adabu, alinisikiliza hadi mwisho.

"Pole sana, madam. Lakini source iko wapi? Bila link ya ukurasa siwezi badilisha."

Nimpe link ya kaburi? Waliochukua kahawa ile iliyoibwa kiwandani walishikwa mjini Kutus na magunia yao, na kwenye mazishi yako mwenyekiti wa kiwanda akasimama mbele ya Mama, kofia mkononi: "Huyu mzee tulimkosea. Hakugusa kahawa ya mtu." Watu walilia. Kwetu neno likisemwa mbele ya jeneza limekwisha, kwa hivyo hakuna aliyeliandika. Nina hasira, na sijui nimkasirikie nani.

Basi naandika mimi, mtandaoni, mahali ambapo yeyote anaweza kusoma. Njogu wa Kabiru, mlinzi wa kiwanda cha kahawa Othaya, aliuawa bila kosa, na waliomuua walikiri.

Najua kazi yangu. Mashine ikipita hapa itahesabu: ukurasa mmoja.

Lala, Baba. Sijanyamaza.

Binti yako,
Wangari