Dakika Sita za Salamu

3 Machi

Shikamoo, kaka. Mimi sijambo, na mama anaendelea vizuri. Natumaini nawe u mzima huko ughaibuni.

Nakuandikia nimebanwa. Kozi ya saikolojia ambayo chuo chenu na chetu vinaifundisha kwa pamoja imewaangusha wanafunzi wangu kumi na tisa kati ya ishirini na wawili, katika mtihani wa kuzungumza na mteja wa ushauri nasaha, unaorekodiwa kwa video. Wasahihishaji wa kwenu walikata dakika sita za mwanzo za kila rekodi, wakaziita tupu. Ni salamu, kaka. Alama hizo zikibaki, kozi itafungwa. Wewe umo kwenye jopo la mitihani. Waombe watazame tangu mwanzo.

Mdogo wako

21 Machi

Marahaba, mdogo wangu. Mimi mzima. Ofisi yangu ina viti viwili. Cha pili nimekirundikia mafaili.

Niliyekata ni mimi. Mwongozo wa kusahihishia niliuandika mwenyewe: huku mteja ana dakika ishirini tu, nasi huingia kwenye shida yake moja kwa moja. Na wewe umewafundisha vijana kuamkiana kama wakwe! Jopo linakaa tarehe tisa Aprili. Niletee rekodi moja nzima, nitaitetea.

Kaka yako

28 Machi

Shikamoo, kaka. Huku sote wazima.

Nakutumia rekodi ya mteja mmoja, mwokaji mikate. Sikiliza mwanafunzi wangu anavyomwendea:

“Habari za asubuhi?”
“Nzuri.”
“Za nyumbani?”
“Nzuri.”
“Watoto?”
“Wazuri tu, wanakula kuliko wateja wangu.”
“Na usingizi je, mama?”

Hapo machozi yanamtoka mama yule. Kisha: “Huo ulinihama siku aliyoondoka mume wangu.”

Ni dakika ya tano. Katika rekodi uliyoikata, mama anaanza akiwa tayari analia, na mwanafunzi anaonekana hakufanya lolote. Kwetu “nzuri” ya kwanza ni mlango uliorudishwa tu, haujafungwa. Waambie hivyo, kaka. Sina pengine pa kukimbilia.

Mdogo wako

10 Aprili

Tulikaa jana. Wanne walikataa, mmoja alikubali. Huyo mmoja ni mimi. Walisema mwongozo ni mwongozo, wakanikumbusha nani aliuandika. Kozi inafungwa.

Nimemtazama mwokaji mara nyingi kuliko kazi ilivyodai. Miaka kumi na moja niko hapa, na hakuna aliyewahi kufika swali la nne. Kiti cha pili bado kina mafaili.

Usihangaike. Mimi mzima.

Kaka

24 Aprili

Shikamoo, kaka.

Barua yako haikuniitikia. Niliisoma mbele ya wanafunzi, nikidhani ni habari ya kozi. Nilipomaliza, yule wa mwokaji akauliza, “Mwalimu, mbona kaka yako hakukuitikia salamu?” Nafundisha kusikiliza, kaka, na tangu barua ya kwanza nilikuambia u mzima kabla hujasema.

Ya jopo yaache. Kibao cha kozi kimeshang’olewa mlangoni. Tundu za misumari zimebaki.

Habari za asubuhi? Za kazini? Za nyumbani kwako, ambako sikuwahi kuuliza kuna nani?

Na usingizi je?

Mdogo wako

15 Mei

Shikamoo, kaka. Sijapata jibu. Simu yako inaita tu.

Usingizi je?

Mdogo wako

2 Juni

Shikamoo, kaka.