Maji Niliyoyameza Mlangoni

Magongo, Changamwe
Jumatano, 10 Machi 1948

Mwanangu Jumwa,

Marahaba. Shikamoo yako imefika, nimeipokea kwa mikono miwili. Nami nakuletea salamu zangu, nyingi kuliko mataruma ya reli toka hapa Changamwe mpaka huko Kisumu, na mataruma hayo nayajua vizuri maana nusu yake niliyabeba mimi kwa bega hili. Mwalimu Absalom, mwalimu wetu mpya wa kanisani, ndiye anayeniandikia. Wajua mimi kalamu naijua kwa kujichokolea sikio tu. Hapo kwenye mataruma amesimama akaniuliza nusu ipi. Nimemwambia aandike, asiulize. Basi ukiona mahali maneno yamenyooka, hapo ni Mwalimu. Palipopinda ni babako.

Kusema hali, mimi mzima, ila mguu wa kushoto umevimba kama boga tangu nilipoanguka mnazini. Ulikuwa mnazi mrefu wallahi. Mwalimu anakataa kuandika wallahi, asema Mkristo ndiyo yake iwe ndiyo. Haya, ulikuwa mnazi mrefu, ndiyo. Nyumba haivuji. Dada yako Kaviha alikuja juzi kutoka Miritini na muhogo, akanitukana kidogo kwa kupanda minazi na uzee huu, akaenda zake. Yule kuku wako mweupe naye ameatamia, mayai tisa... Haya, habari ya kuku niiache.

Barua yako ilifika Jumamosi. Nimesomewa mara nne. Nimesikia kuwa u mzito tena, mwezi wa saba sasa, na mkunga amekwambia ulale, usiinue hata sufuria, na kwamba mumeo Odhiambo akitoka kufunga mabehewa ndiye anayepika. Hapo nilicheka. Mwanamume mrefu vile, kama mlingoti wa simu, ameinamia mafiga matatu! Lakini uliposema usingizi huupati, sikucheka. Umesema mimba ya kwanza ilitoka, ya pili ikatoka, na sasa walala ukihesabu siku na kujiuliza kama ni kwa sababu ya yale maji. Na mwisho wa barua umeniuliza neno moja tu: yule nzi alikuwepo kweli?

Nitakujibu. Usiikunje barua hii kabla haijafika mwisho.

Mwalimu habari ya nzi alikuwa haijui, alikuja kwetu wewe umeshaondoka. Ilinibidi nimweleze, nawe nivumilie nikikueleza unayoyajua. Nimemwambia kwamba kwetu, binti akienda kwa mumewe, babake huchukua maji kinywani akamtemea kifuani, akamwambia aende kwa radhi, azae, akae. Asipotemewa, amekwenda kama mtu aliyefukuzwa. Mamako Margaret, Mungu amlaze pema, alikuwa keshatuacha mwaka mzima, kwa hiyo kinywa kilikuwa changu peke yangu. Mlikuwa mmeshafunga ndoa kanisani, pilau limeshaliwa. Asubuhi ile ukapiga magoti mlangoni na leso mpya, watu wamejaa uani. Nikatia maji, mashavu yakafura. Nikayameza.

Nikakohoa, nikajipiga kifua, nikasema nzi ameniingia puani. Wakacheka mpaka wengine wakakaa chini. Wewe ukaniomba nirudie. Odhiambo akasema gari la moshi haliwangoji. Nami nikakwambia, nakumbuka maneno yangu kama jana, usiwe na wasiwasi mwanangu, radhi zako zimo tumboni mwangu, salama kuliko posta. Watu wakacheka tena. Nawe ukacheka, kidogo. Ukaenda.

Hadithi hiyo nimeisimulia mgemani kwa Katana tukinywa tembo hata nazi zimeichoka. Ilipokuja habari ya mimba ya kwanza, nzi nikamfanya nyuki. Ilipokuja ya pili, nyuki akawa dondora, mkubwa kama kidole gumba, na mimi nilipigana naye kooni. Katana akaniambia, mzee Nguma, safari ijayo utatuambia ni popo. Watu walicheka sana siku ile. Mimi nilirudi nyumbani, uji wangu nikawamwagia kuku.

Mwalimu aliponisikiliza hakucheka. Aliniuliza jambo jingine kabisa: kabla ya arusi nilikuwa nakwambia nini jioni? Sijui alijuaje, labda Kaviha. Nikamwambia nilikuwa nakufundisha neno la Mungu. Wakumbuka. Miezi mitatu, kila jioni ukiniwekea chakula, nilikuwa nakwambia imeandikwa waheshimu baba yako na mama yako. Nilitaka uolewe na mwana wa Katana, hatua arobaini toka mlango wangu, nikiugua unisikie nikikohoa. Amri ile niliishika kama mkongojo, lakini si wa kutembelea, wa kukupigia wewe. Ulipomleta Odhiambo sikukataa. Mbele za watu mimi ni mzee wa maneno matamu, nani asiyejua.

Basi Mwalimu akaniuliza kama najua maneno yanayoifuata amri hiyo mtume anapoitaja. Nikamwambia mimi amri moja yanitosha, sina haja ya zaidi. Akafungua kitabu akanisomea kwamba kina baba nao wameagizwa wasiwachokoze watoto wao, wasije wakakata tamaa. Kisha akafungua mahali pengine, Paulo asema si watoto wanaowawekea wazazi akiba, ni wazazi wanaowawekea watoto. Nikamwambia huyo Paulo hakuwa na binti. Mwalimu akasema ni kweli, hakuwa naye, na yeye Absalom hana, lakini mzee Nguma anaye, tena halali usingizi huko Kisumu.

Ninaye, Jumwa. Siku nne hizi mguu si kitu. Nakutazama wewe umelala mkekani huko, na kila nikisikia gari la moshi lapiga honi nasema hilo limeniletea habari.

Sasa jibu lako. Hakukuwa na nzi.

Mwalimu ameweka kalamu chini, nimemwomba aishike tena. Hakukuwa na nzi, mwanangu. Ulikuwa umepiga magoti mbele yangu, lakini macho yako hayakuwa kwangu. Yalipita ubavuni mwangu yakamtazama Odhiambo aliyebeba sanduku lako, na uso wako ulikuwa ule wa mamako siku nilipomuoa. Nikaona jiko langu la kesho halina moto. Nikasema moyoni mwangu, aende bila. Akiumia atarudi. Ndivyo nilivyosema: atarudi. Na sikujiuliza utarudi kwa kuumia vipi. Nikameza. Mimba zako sikuziombea mabaya hata siku moja, lakini maji yako niliyazuia kwa kusudi, halafu nikawachekesha watu kwayo miaka miwili.

Mwalimu anataka nikuandikie hivi, nami naandika kwa kuwa naamini ni kweli: wewe huna laana. Asema mimba hutoka kwa wake wengi waliotemewa maji na wasiotemewa, na Mungu anayemuumba mtoto tumboni haketi akingoja kinywa cha mzee atokaye mgemani. Hayo ya mgemani ameyatia yeye. Akaniambia nikiri kosa, nikuombe msamaha, nikuombee, basi, mambo ya maji niyaache.

Nikamwambia, "Mungu hangoji maji yangu, Mwalimu. Jumwa ndiye angojaye."

Kisha akainuka yeye mwenyewe akaenda mtungini, akarudi na kikombe cha maji, kiko hapa karibu na mguu wangu. Ameniomba jambo moja tu, wino wa hapo juu ukauke kwanza, usije ukashindwa kusoma.

Kwa hiyo nisamehe, mwanangu. Nilikudai heshima kila jioni, na radhi zilizonipasa kukupa nikazificha tumboni. Msomee Odhiambo yote, usimfiche, na umwambie mkwe wangu kwamba nilimwonea wivu, naye sasa aniwekee chakula na mimi siku nitakayokuja, asikiunguze tu. Mguu ukikubali nitapanda gari kabla hujajifungua. Usipokubali, karatasi hii inatangulia. Kaviha akusalimu, Katana na mkewe wakusalimu, na kanisani Jumapili watakutaja kwa jina.

Hapo chini nimemwambia Mwalimu aache nafasi nyeupe, ndipo nitakapoyatemea maji yako. Ukifika hapo, iweke karatasi kifuani, upande ule uliokunjamana kwa maji. Maneno yake ni haya, ndiyo yaliyokuwa mdomoni siku ile: Nenda kwa radhi zangu, mwanangu. Uzae, ukae. Amina.

Na kwa kuwa mimi ni mwongo, nawe wajua, nimemwomba Mwalimu atie neno lake chini ya dole gumba langu.

Ni mimi babako,
Nguma wa Mramba

Dada Jumwa, wino uliotawanyika hapa si wa kukosea. Nilimshikia kikombe mwenyewe. Hakumeza.
Absalom